ELIJAH MASINDE: NABII WA MASABA NA MJI WA WALOWEZI

Utangulizi

Binadamu ahamapo, huhama na mji wake kichwani. Wafaransa walioongozwa na Samuel de Champlain walipoasisi Quebec mwaka 1608, kando ya mto St. Lawrence nchini Kanada, wao na vizazi vilivyowafuata walijenga ngome, makanisa ya mawe na vichochoro vilivyowakumbusha miji ya kwao. Hadi leo mgeni aingiapo katika mitaa ya kale ya Quebec hudhani yumo Ulaya. Baadhi ya mitaa ya Boston na New Orleans nchini Marekani ina sura iyo hiyo. Watalii huisifia miji hii kwa uzuri wake, na uzuri huo haukanushiki. Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu haliulizwi: nani aliishi pale kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na mwenyeji huyo aliutazamaje mji ulioota mbele ya macho yake? Pale Quebec, kabla ya Wafaransa, palikuwa na kijiji cha Stadacona. Jina hilo leo wanalijua wanahistoria zaidi ya watalii.

Katika Afrika Mashariki, swali hilo linaweza kuulizwa kuhusu Kitale, na mmoja wa waliolijibu kwa sauti kubwa zaidi alitoka upande wa pili, Kimilili katika Bungoma. Huyo ni Elijah Masinde, mwanasoka, mwasisi wa Dini ya Msambwa, mfungwa wa serikali ya kikoloni na wa serikali ya Kenya huru. Msomaji asimchanganye na Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kinaitwa kwa jina lake. Majina yanafanana na eneo ni moja, lakini njia za wawili hawa zilikuwa mbalimbali. Makala haya yanayafuata maisha ya Elijah Masinde yakiyatazama sambamba na mji alioupinga.

Kitale: Ulaya Ndogo Chini ya Mlima

Kitale iko kwenye uwanda wenye rutuba, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mashariki mwa mlima ambao ramani za Wazungu ziliuita Elgon na ambao Wabukusu wanauita Masaba. Baridi ya asubuhi na mvua za kutosha ziliwafanya walowezi waone kwamba wamepata kipande cha Ulaya katika nchi ya joto. Mashamba yalianza kupimwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia ardhi askari wa Kizungu waliotoka vitani. Makaburu waliotoka Afrika Kusini nao walikuwa wamekwisha kuingia katika nyanda za jirani za Uasin Gishu tangu mwaka 1908, na baadhi yao wakavuka hadi Trans Nzoia.

Jina Trans Nzoia lenyewe lina fundisho kwa mwanaisimu. Maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia, lakini ni ng'ambo kwa nani? Ni ng'ambo kwa yule aliyekuwa akija kutoka nje. Kwa Msabaoti aliyechunga ng'ombe katika uwanda huo, au kwa Mbukusu aliyeishi kwenye miteremko ya mlima, pale hapakuwa ng'ambo hata kidogo. Majina mengine yalifuata mkondo huo. Daraja la mto Nzoia likaitwa Hoey's Bridge, kwa heshima ya mlowezi Cecil Hoey, na baada ya uhuru likaja kuitwa Moi's Bridge. Maporomoko ya Webuye yakaitwa Broderick Falls. Anayepewa uwezo wa kutaja jina la mahali hupewa pia uwezo wa kusema mahali hapo ni pa nani.

Miaka ya 1920 mji ukashika umbo. Reli ya tawi kutoka Leseru ikafika Kitale mwaka 1926. Klabu ya walowezi ikajengwa, na karibu nayo, yasimuliwa, palikuwa na mzingo wa mawe ambamo misafara ya watumwa ilikuwa ikipumzika katika karne ya 19. Kukawa na kanisa, shule ya watoto wa Kizungu na uwanja wa gofu. Mwaka uo huo wa 1926 mlowezi mpenda vipepeo na ndege, Hugh Stoneham, akaanzisha hifadhi yake ya viumbe na vitabu, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1966 ilizaa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974.

Mwafrika aliingia katika Ulaya hiyo ndogo kwa mlango wa nyuma. Alivaa kipande shingoni, kwa mujibu wa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Sheria za mwaka 1918 na 1937 zilimfanya mkazi wa shambani kuwa kibarua tu, anayeruhusiwa kulima na kufuga kwa kadiri ya siku alizomfanyia mlowezi kazi. Mwaka 1939 amri kutoka London ikazitenga rasmi nyanda za juu kuwa za Wazungu. Vijana wa Bungoma walipanda hadi Trans Nzoia kutafuta ujira, wakalima mahindi katika udongo ambao wazee wao waliwaambia ulikuwa malisho ya mababu. Hapo ndipo penye kiini cha kisa cha Masinde.

Malezi na Ujana

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili kati ya mwaka 1910 na 1912. Hakuzaliwa katika jamii isiyojua kujenga. Wabukusu walikuwa mahodari wa kujenga ngome: vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, vyenye malango membamba ambayo watu wachache waliweza kuyalinda. Ikiwa Quebec inasifiwa kwa kuta zake, basi Lumboka na Chetambe nazo zilikuwa na zao. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza chini ya uongozi wa Charles Hobley, likiungwa mkono na askari wa Kisudani na wapiganaji wa Wanga na Buganda, lilizivunja ngome hizo kwa silaha za moto. Wabukusu wengi waliuawa Chetambe. Masinde alizaliwa miaka kumi na mitano hivi baadaye, wakati walioshuhudia mauaji hayo walikuwa hai bado na wakiyasimulia penye moto wa jioni. Maadamu fasihi simulizi ndiyo shule ya kwanza ya mtoto, somo lake la kwanza la historia lilikuwa Chetambe.

Shule ya pili ilikuwa misheni. Wamishonari wa Kikweka kutoka Marekani walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902 na kueneza kanisa lao hadi Bungoma. Masinde alijiunga nao, akasoma Biblia na kupewa jina la nabii Eliya. Shule ya tatu ilikuwa kabumbu. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi alichaguliwa kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage la mwaka 1930. Kombe hilo lilidhaminiwa na kampuni ya sabuni ya Uingereza na lilikuwa limeanza kushindaniwa mwaka 1926. Kwa hiyo, kabla ya kujulikana kama mwasi, Masinde alijulikana kama shujaa wa uwanjani aliyeivaa jezi ya koloni.

Alifanya kazi pia katika baraza la wenyeji, akipeleka hati za kuwaita watu mahakamani. Kazi hiyo ilimpitisha vijijini, akaona jinsi sheria ilivyoshuka kutoka kwa mkuu wa wilaya hadi kwa chifu, na kutoka kwa chifu hadi kwa mwananchi asiye na wa kumtetea. Kanisa nalo lilimtenga alipooa mke wa pili. Jambo ambalo kwa mila yake lilikuwa heshima, kwa kanisa lilikuwa dhambi. Mtu aliyelelewa na pande mbili akajikuta analazimika kuchagua mmoja.

Kuzaliwa kwa Dini ya Msambwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Masinde alikuwa mmoja wa viongozi wa vuguvugu lililokuja kuitwa Dini ya Msambwa. Neno msambwa latokana na Lubukusu, kumusambwa katika umoja na kimisambwa katika wingi, na hurejelea pepo za wahenga pamoja na ibada zinazowahusu. Inafaa kuzingatia kwamba jina la vuguvugu halikuwa la Kibukusu kitupu. Neno dini na kiunganishi chake ni Kiswahili. Mseto huo ulilifungulia jina milango nje ya kabila moja, na baadaye likatamkwa pia na Wapokoti. Kiswahili hapa hakikuwa lugha ya wanyapara na makarani pekee. Kilikuwa pia lugha ya upinzani.

Mafundisho ya dini hiyo yalichanganya yaliyokuwa yametenganishwa. Mungu aliitwa Wele, kama wahenga walivyomwita. Mlima Masaba ukawa kwao kama Sayuni, na waumini walisali wakiuelekea. Biblia haikutupwa, ila ilisomwa kwa jicho jipya. Kama Waisraeli walikuwa na mababu zao, nchi yao ya ahadi na manabii wao, kwa nini Mwafrika akatazwe kuwa na wake? Kutokana na swali hilo la kidini lilizaliwa dai la kisiasa: Mzungu aondoke katika nchi aliyoikalia, Trans Nzoia ikiwemo.

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza kuni motoni. Vijana walichukuliwa kwa nguvu kwenda jeshini au kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wakulima waliamriwa kung'oa magugu kwa kutishwa faini. Masinde alikataa kutii, akawafukuza maofisa waliotumwa kutekeleza amri hizo. Mwaka 1944 alishtakiwa na kufungwa.

Mathari, Chetambe na Malakisi

Serikali ilifika mahali pa kujiuliza imfanyie nini mtu asiyeogopa gereza. Mwaka 1945 ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, akakaa huko hadi mwaka 1947. Hatua hii inastahili kutafakariwa na kila mwanafunzi wa lugha. Mfungwa wa kisiasa huwa na hoja inayohitaji jibu, lakini maneno ya aliyeitwa kichaa hayahitaji kujibiwa. Lakabu ya kichaa ilikuwa kifungo kilichomfuata Masinde hata baada ya malango ya Mathari kufunguliwa, na wako waliolitumia neno hilo dhidi yake hadi alipokufa.

Aliporudi nyumbani hakuwa amenyamazishwa. Mnamo Septemba 1947 aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kwenye mabaki ya ngome iliyovunjwa mwaka 1895. Wakatoa kafara na kuwakumbuka waliouawa. Kwa serikali huo ulikuwa mkutano haramu. Kwa waliohudhuria, yalikuwa matanga yaliyochelewa kwa zaidi ya miaka hamsini. Walowezi walikuwa na minara ya kuwakumbuka mashujaa wao wa vita, nao Wabukusu wakaugeuza ukuta uliobomoka kuwa mnara wao.

Baada ya mkutano huo serikali ilianza kumsaka Masinde, naye akajificha. Mapema mwaka 1948 mambo yaliharibika. Wafuasi walikusanyika nje ya misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, wakiwataka wamishonari waondoke. Tarehe 10 Februari umati uliandamana hadi kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, na watu 11 wakauawa, wengine wakijeruhiwa. Masinde alikamatwa mwezi uo huo, na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku. Hata hivyo moto haukuzimika mara moja. Katika miezi iliyofuata majengo ya baadhi ya misheni, shule na mashamba ya walowezi yaliteketezwa, katika Bungoma na katika Trans Nzoia. Uadilifu wa historia unadai jambo hili lisifichwe. Baadhi ya vilivyochomwa ni madarasa ambamo watoto wa Kibukusu wenyewe walikuwa wakisoma, na si kila aliyetishwa alikuwa mlowezi. Walikuwemo Waafrika Wakristo ambao kosa lao lilikuwa kuishika imani waliyoichagua. Shujaa akisafishwa mno hugeuka sanamu, na sanamu haifunzi.

Mafundisho hayo yalivuka mipaka ya Bungoma. Miongoni mwa Wapokoti, Lukas Pkiech aliyatangaza kwa namna yake, na tarehe 24 Aprili 1950 huko Kolloa, Baringo, makabiliano kati ya wafuasi wake na kikosi cha serikali yaliwaua maofisa watatu wa Kizungu, askari mmoja Mwafrika, Pkiech mwenyewe na wafuasi wake zaidi ya ishirini. Wakati huo Masinde alikuwa mbali, kizuizini.

Kutoka Mlimani Hadi Pwani

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mazoea ya kuwang'oa viongozi kutoka katika ardhi yao. Mekatilili wa Menza alitolewa Giriama akapelekwa Kisii. Muindi Mbingu wa Ukambani alipelekwa Lamu mwaka 1938. Masinde naye alipelekwa Lamu, na baadaye akazuiliwa Marsabit.

Kuna kinaya katika uhamisho huo ambacho mwanafasihi hawezi kukipita kimya. Mtu aliyepinga mji ulioigizwa kutoka Ulaya alitupwa katika mji wa kale zaidi, uliojengwa na Waswahili wenyewe kwa mawe ya matumbawe, wenye vichochoro, misikiti na milango ya nakshi. Lamu ulikuwa mji wa karne nyingi wakati Kitale ilikuwa mbuga. Katika visiwa hivyo ndimo Sayyid Abdalla bin Ali alimotungia Al-Inkishafi na Mwana Kupona akatunga utendi wake mwaka 1858. Serikali iliiona Lamu kuwa mwisho wa dunia, mahali pa kumsahaulia mtu, ilhali kwa msomi wa Kiswahili hapo ni kitovu. Hata hivyo, uzuri wa mji hauondoi uchungu wa kifungo. Kwa mtu aliyesali akiuelekea Masaba, bahari haikuwa mandhari. Ilikuwa ukuta.

Baada ya Uhuru

Masinde aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendera ya Uingereza ilipokuwa karibu kuteremshwa. Ingetarajiwa kwamba Uhuru wa mwaka 1963 ungekuwa mwisho wa mateso yake. Dini ya Msambwa iliruhusiwa kuendesha shughuli zake kwa muda mfupi, lakini mwaka 1968 serikali ya Jomo Kenyatta iliipiga marufuku tena. Masinde akarudi gerezani, na sehemu kubwa ya miaka ya Kenyatta aliipitisha kifungoni. Aliachiliwa mwaka 1978, Daniel arap Moi alipoingia madarakani, lakini aliendelea kuandamwa na dola.

Kwa nini serikali ya Waafrika ilimwogopa mtu aliyeteswa na wakoloni? Sehemu ya jibu imo katika ardhi. Mashamba ya Trans Nzoia hayakurudishwa kwa aliyedai kunyang'anywa. Mengine yaliuzwa kwa mikopo kupitia miradi ya makazi na vyama vya ushirika, mengine wakayanunua wenye uwezo, na mengine makubwa yakawekwa mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa mwaka 1965. Mantiki ya mahubiri ya Masinde haikuafikiana na mpango huo. Ikiwa nchi ni ya wahenga, mjukuu hawezi kuinunua kwa yule aliyeitwaa bila kulipa. Aidha, mpaka wa mkoa ulipita kati: Bungoma ikawa katika Mkoa wa Magharibi, Kitale ikabaki Bonde la Ufa, na hali ikawa hivyo hadi kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.

Lakini dai lake pia lilikuwa na upungufu. Uwanda huo haukuwa na wahenga wa jamii moja. Wasabaoti wana makaburi yao, na Wapokoti wana kumbukumbu zao za malisho. Nao walioajiriwa mashambani tangu miaka ya 1920 walizaa watoto wasiojua kwao kwingine. Mapigano ya mwaka 1992 katika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na umwagaji damu wa Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008, yalionyesha jinsi swali la nani alitangulia linavyoweza kugeuka upanga baina ya majirani ambao wote walidhulumiwa. Masinde aliliuliza swali hilo dhidi ya mlowezi, na likawa na nguvu ya haki. Waliokuja baadaye wakaligeuza dhidi ya mwenzao, nalo likapoteza haki yake.

Elijah Masinde alifariki mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka sabini na kitu, akazikwa nyumbani kwake Kimilili.

Hitimisho

Leo treni za abiria haziwashushi tena walowezi Kitale. Mji huo ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, masoko yake yamejaa lugha za kila upande wa Kenya, na Kiswahili ndicho kinachoziunganisha. Kampuni ya mbegu iliyoanzishwa na walowezi mwaka 1956 huwauzia mbegu za mahindi wajukuu wa vibarua wao. Klabu ipo, makumbusho yapo. Mji uliojengwa ili Mzungu ajihisi yuko kwao umekuwa kwao kwa wengine, na huenda huo ndio ushindi ambao hakuna nabii aliyeutabiri kwa ukamilifu. Kule Bungoma, ngome ya Chetambe haina fahari ya kuta za Quebec, kwa kuwa udongo hauhimili mvua kama jiwe. Kinachoihifadhi ni masimulizi.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa fasihi simulizi wana deni. Mengi ya yaliyoandikwa kuhusu Masinde wakati wa uhai wake yaliandikwa na maofisa waliomkamata na madaktari waliompima akili. Upande wa pili umo katika vinywa vya wazee wa Kimilili, Malakisi, Webuye na mashamba ya Trans Nzoia, na idadi ya wazee hao inapungua kila mwaka. Simulizi zao zikikusanywa kwa uangalifu, pamoja na za Wasabaoti na za Wakristo waliochomewa shule zao, Masinde hatabaki kuwa kichaa wa faili za serikali wala malaika wa nyimbo za sifa. Atakuwa mtu mzima, mwenye hoja na makosa yake, aliyetazama mji mzuri ukijengwa juu ya malisho ya watu na akakataa kuuita mzuri kabla ya kuulizwa kilichokuwepo.